Machozi ya Siku ya Mapumziko

Imekuwa desturi katika nyumba nyingi za mijini, na sasa hata za vijijini ambako umeme umefika, kwamba siku ya mapumziko watu wa nyumba moja hukusanyika mbele ya televisheni kutazama filamu ya mapenzi. Wazazi hukaa vitini, watoto hujinyoosha mkekani, chai huletwa, na kwa muda wa saa mbili au tatu wote huishi maisha ya watu wasiowajua. Filamu ikiwa nzuri, mwisho wake huyakuta macho yamelowa. Baba hujikohoza, mama hujipangusa kwa upindo wa khanga, vijana huchekana ili isijulikane kwamba nao wameguswa. Kisha televisheni huzimwa, na kila mtu hurudia shughuli zake.

Jambo hili ni dogo, lakini ndani yake limo swali ambalo wenye hekima wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Je, machozi yale ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, yanatudai nini baada ya televisheni kuzimwa? Katika insha hii tunakusudia kulichunguza swali hilo. Hatukusudii kuwakemea wanaolia, kwani moyo usioguswa na hadithi hauelekei kuguswa na jambo lolote jingine. Tunachotaka ni kuyafuata machozi hayo tuone yanafika wapi.

Wazee wetu hawakutazama sinema nyumbani. Katika Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kwenda sinema kulikuwa safari: mtu alioga, akavaa nguo njema, akakata tikiti, akaingia ukumbini pamoja na mamia ya wenzake. Filamu za Kihindi zilipendwa mno. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, na Mother India ya Mehboob Khan, iliyotoka mwaka 1957, ziliwavuta hata watu wasiojua neno moja la Kihindi, nao wakajifunza kuimba nyimbo zake. Wako watunzi wa taarabu waliochukua mahadhi ya filamu hizo wakayatilia maneno ya Kiswahili. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, ambapo Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kanda za video zilikuwa zimekwisha kuingia majumbani kabla ya hapo, na leo filamu nzima hubebwa ndani ya simu ya mkononi.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa swali letu. Ukumbini, mtazamaji alilia gizani miongoni mwa watu ambao wengi wao hakuwajua, na taa zilipowashwa walitawanyika. Nyumbani analia mbele ya watu anaoishi nao. Yale yale yanayomliza kwenye kioo huenda yanatendeka hatua tano tu kutoka alipoketi.

Tuchukue mfano wa filamu moja inayojulikana sana, Mughal-e-Azam, iliyoongozwa na K. Asif na kutolewa mwaka 1960. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 2004 ilitolewa tena ikiwa imetiwa rangi yote, ikapata watazamaji wa kizazi kingine. Kisa chake ni cha Salim, mwana wa mfalme Akbar, anayempenda Anarkali, msichana mtumishi na mchezaji ngoma wa jumba la kifalme. Mfalme anakataa. Sababu yake ni moja: mtumishi hawezi kuwa malkia. Anarkali anafungwa minyororo; Salim anapigana vita na baba yake, anashindwa, anahukumiwa kifo. Ili kumwokoa mpenzi wake, Anarkali anajitoa mwenyewe, na hukumu yake ni kujengewa ukuta akiwa hai. Mwishoni mfalme anamwachia kwa siri, kwa kuwa zamani alimwahidi mama yake kumtimizia ombi moja, lakini kwa sharti kwamba watoweke na Salim asijue kamwe kwamba yu hai. Mtazamaji anaona matofali yakipangwa moja juu ya jingine mbele ya uso wa binti yule, na hapo ndipo nyumba nzima hulia.

Wanahistoria wengi wana shaka kama Anarkali aliwahi kuishi. Akbar alikuwapo, akatawala tangu mwaka 1556 hadi 1605, na Salim alikuwapo, akamrithi kwa jina la Jahangir. Lakini binti wa ukutani ni wa masimulizi. Mwaka 1975 mwanafalsafa Mwingereza Colin Radford aliuliza tunawezaje kuhuzunikia masaibu ya mtu tunayejua kwamba hayupo. Alihitimisha kwamba hali hii, ingawa ni ya kawaida kwa binadamu, haipatani na akili. Zamani zaidi, Plato aliwashuku washairi kwa sababu hiyo: alihofu kwamba mtu akizoea kulia kwa mambo ya jukwaani, atalainika na kushindwa kujitawala yanapomfika yake mwenyewe. Mwanafunzi wake Aristotle aliona vingine. Kwake yeye, huruma na hofu zinazoamshwa na mchezo wa huzuni hupata humo njia ya kutakasika.

Sisi tunaelekea upande wa wale wanaosema kwamba machozi ya hadithi ni ya kweli. Bibi zetu walipotusimulia visa jioni, baada ya paukwa na pakawa, hapakuwa na mtoto aliyeuliza kama yatima wa hadithi ana cheti cha kuzaliwa. Tulilia kwa sababu tulitambua kwamba jambo alilotendewa ni baya, na kwamba lingekuwa baya kwa yeyote. Anayemlilia Anarkali anatoa hukumu: anasema kwamba kumnyima mtu haki ya kupenda na kupendwa kwa sababu ni mtumishi ni dhuluma. Hukumu hiyo ni ya kweli hata kama Anarkali si wa kweli. Kwa hiyo ubaya wa machozi haya, kama yana ubaya, hauwezi kuwa uongo. Ubaya wake wautafute penginepo.

Mwandishi Plutarch amesimulia habari za Alexander, mtawala katili wa mji wa Pherae katika Ugiriki ya kale. Siku moja alikuwa akitazama mchezo wa Euripides kuhusu wanawake wa Troya, akaondoka ghafla kabla haujaisha. Alituma ujumbe kwa mwigizaji kwamba hakuondoka kwa kuudharau mchezo. Aliona haya raia wasije wakamwona akililia mateso ya Hecuba na Andromache, hali hakuwahi kumhurumia hata mmoja wa watu aliowaua. Naye Mmarekani William James, katika kitabu chake cha saikolojia cha mwaka 1890, alitoa mfano wa bibi wa Kirusi anayelia ndani ya jumba la michezo kwa ajili ya watu wa kubuniwa, wakati mwendeshaji wa gari lake la farasi anaganda kwa baridi nje, juu ya kiti chake, hadi kufa. James hakumshauri bibi yule aache kwenda kwenye michezo. Alisema kwamba hisia njema isiyofuatwa na tendo lolote huwa mazoea mabaya, na akashauri tusiiache ipite bila kuidhihirisha baadaye kwa tendo fulani, hata likiwa dogo kama kumsemesha jamaa yetu kwa upole.

Mfano wa James ulikuwa na mlango kati ya anayelia na anayeganda. Katika nyumba zetu mlango huo haupo. Turudie maneno tuliyotangulia kusema: chai huletwa. Huletwa na nani? Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini huletwa na msichana aliyetoka mkoani, ambaye siku hiyo ya mapumziko ameamka kabla ya wote, amefagia uwanja, amefua, amepika, na baada ya filamu atakusanya vikombe. Huenda naye ameitazama filamu, akiwa amesimama penye mlango wa jikoni, sikio moja kwa Anarkali na jingine kwa sufuria. Naye amelia. Huenda alilia kuliko wote, kwani adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Msichana huyu tunamwita dada. Lugha yetu ina ukarimu mkubwa katika majina ya udugu, na ukarimu huo ni sehemu ya utamaduni tunaojivunia. Mgeni huitwa ndugu, mzee asiyejulikana huitwa baba, na anayelea watoto wetu huitwa dada. Lakini jina la udugu ni kama hati: lina thamani iwapo nyuma yake kuna amana. Dada wa kuzaliwa akiugua, hapelekwi stendi ya mabasi na nauli ya kurudia kwao. Dada wa kuzaliwa ana kiti sebuleni. Dada wa kuzaliwa akisema amechoka, hatuoni kwamba ametukosea adabu. Ikiwa dada wa kazi hana lolote katika haya, basi neno hilo limekuwa njia ya kumlipa kwa heshima ya maneno ili tumpunguzie ya fedha na ya muda.

Yafaa tuyasikilize majibu yanayotolewa na wenye nyumba, maana yako yenye uzito. Wa kwanza husema kwamba msichana huyu analipwa, anakula na kulala bure, na kwao hali ilikuwa mbaya zaidi. Hilo mara nyingi ni kweli, lakini ni hoja ambayo Akbar angeweza kuitoa kwa Anarkali neno kwa neno: jumba la kifalme lilikuwa bora kuliko kibanda. Wa pili husema kwamba wao si matajiri. Mume na mke wote wanafanya kazi, mishahara haitoshi, na siku moja ya mapumziko waliyo nayo haiwezekani kama hakuna wa kushika jiko. Hoja hii ndiyo ngumu, kwa kuwa inatuonyesha kwamba pumziko la mtu mmoja limejengwa juu ya kazi ya mwingine asiyepumzika. Hatulitatui tatizo hilo kwa kulificha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba katika nchi ya ujamaa kamili kila mwenye uwezo hufanya kazi, na hakuna anayeishi kwa jasho la mwenzake. Wengi waliolisoma walifikiria viwanda na mashamba makubwa. Ni wachache waliofikiria jiko lao wenyewe.

Sheria nayo imekwisha kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, wala haikusema kwamba aliye jikoni si mfanyakazi. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani hasa, nao unataja saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Maana ya maneno hayo ni kwamba siku ya mapumziko ya msichana wa kazi ni haki yake. Mwenye nyumba hana mamlaka ya kuitoa kama zawadi anapofurahi na kuizuia anapokasirika.

Lakini sheria haigusi lililo la ndani zaidi, nalo ndilo lililotuliza katika filamu. Anarkali hakulia kwa kukosa likizo. Alilia kwa kuambiwa kwamba mtu wa daraja lake hana ruhusa ya kupenda. Sasa tumwangalie yule aliyesimama penye mlango wa jikoni. Ana miaka kumi na tisa au ishirini. Huenda yuko kijana, fundi baiskeli au mpiga debe, anayempigia simu jioni. Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Na siku likijulikana, katika nyumba nyingi hufanywa shauri kubwa. Simu huchukuliwa. Hukatazwa kutumwa dukani. Huambiwa achague kati ya kazi na uhuni. Aliyemlilia Anarkali adhuhuri anapanga matofali magharibi, na hajui kwamba anafanya hivyo, kwa sababu ukuta wake hauna muziki.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Mwenye nyumba aliyepokea binti kutoka kwa wazazi wake amepokea amana. Binti huyo akiwa bado mtoto, wajibu wa kumlinda ni mkubwa zaidi. Na akiwa chini ya miaka 14, sheria hairuhusu aajiriwe kabisa. Mji una walaghai wengi, na si kila anayepiga simu jioni ni Salim. Kwa hiyo si kila katazo ni dhuluma. Tunapendekeza kipimo kimoja: tujiulize katazo letu linatafuta heri ya nani. Mlezi anayemhofia binti atauliza kijana ni nani, kwao ni wapi, ana nia gani. Atazungumza na wazazi wake. Na hofu yake haitakwisha siku binti atakapoacha kazi. Lakini ikiwa hofu yetu yote inakwisha pale tunapopata msichana mwingine wa kuosha vyombo, basi tulikuwa tunalinda vyombo.

Watu wengine watasema kwamba mawazo haya ni ya kigeni, na kwamba katika mila zetu kila mtu alijua nafasi yake. Ni kweli kwamba mila zetu zimebeba ukuta huu pia, na hatufaidiki kwa kulikana hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi wake mashuhuri uliotungwa yapata mwaka 1858, alimwusia binti yake mambo mengi ya hekima na ya imani. Lakini humo humo alimwusia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Hata hivyo, mazoea hayafutwi kwa tangazo la serikali, na usia ule bado unatekelezwa katika nyumba ambazo hazijawahi kuusoma.

Walakini mila zetu zimebeba pia nyundo ya kuubomoa ukuta huo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na wazazi waliokuwa watumwa, aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, mji ule ule uliotuletea filamu nyingi za Kihindi, akarekodi nyimbo kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa Kijiti, uliosimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na mwuaji akatoroka. Waliomsikiliza Siti hawakuweza kulia na kusahau, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa juzi, na mtaa ulikuwa wao. Mwalimu Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisisitiza kwamba utamaduni ni roho ya taifa, na papo hapo akaonya dhidi ya kukataa kujifunza kwa wengine. Basi hakuna ubaya kujifunza kwa Anarkali. Ubaya ni kujifunza nusu ya somo.

Kwa nini nusu ile ya pili ni ngumu? Tunadhani ni kwa sababu filamu hutufanyia kazi ambayo maishani hatuna budi kuifanya wenyewe. Filamu humsogeza Anarkali karibu hadi tuone kope zake zikitikisika. Humpa wimbo wa kusema yaliyo moyoni. Huondoa yote ya kuchosha, hata tukabaki na huzuni safi. Msichana wa jikoni hana mpiga picha wala mpiga kinanda. Huzuni yake imechanganyika na ugali ulioungua, na majibu ya mkato, na siku aliyovunja bakuli. Ili tumwone kama tulivyomwona Anarkali, yatupasa tuulize, tungoje jibu, tuvumilie kunyamaza kwake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini akitaka kumjua, hajakatazwa kumwuliza.

Aidha, kuna jambo moja linaloyafanya machozi ya filamu yawe mepesi: kwa Anarkali hakuna tunaloweza kutenda. Ukuta wake ulikwisha kupigwa picha mwaka 1960, na hata tulie kiasi gani, tofali halitaondoka. Kulia ndiyo yote tunayoweza, na kwa hiyo tunaona tumetimiza yote. Kwa yule aliye nyumbani mwetu hali ni kinyume. Huko kila kitu kingali mikononi mwetu, na kulia peke yake hakutoshi.

Tunawaachia walimu na wanafunzi wao swali hili walijadili darasani, wala wasiridhike na majibu ya haraka. Wanafunzi wengi wa sekondari wanafuliwa sare zao na msichana wa rika lao, ambaye pengine alifaulu mtihani wa darasa la saba kama wao akakosa wa kumsomesha. Je, wanajua jina lake kamili? Wanajua kijiji chake, na jina la mama yake? Wanajua alitaka kuwa nani? Mwenye kuyajua hayo tayari ameanza kulipa deni la machozi yake. Na wazazi watakaosoma insha hii, tunawaomba jambo moja lililo wazi: wiki hii wamtajie msichana wa kazi siku yake ya mapumziko, waiandike kwenye kalenda ya ukutani ambapo wote wataiona, na siku hiyo ikifika, waoshe vikombe wao wenyewe.